Kanuni Nne, Visa au Nadharia: Uanzie Wapi Kusoma Maadili ya Tiba?

Mzee aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu yake iliyovimba ikining'inia, huku daktari akimweleza taratibu kwamba figo zake zimeshindwa kazi na kwamba bila kusafishwa damu kwa mashine hataishi muda mrefu. Alimweleza pia kwamba kila safari ya mashine huchukua takriban saa nne, na kwamba kwa kawaida mgonjwa huihitaji mara tatu kwa wiki. Kisha akamuuliza, "Mzee, unakubali tuanze?" Mzee hakujibu. Alimwelekezea kidevu kijana wake aliyesimama karibu na dirisha, akasema, "Muulizeni huyo." Mimi ndiye niliyekuwa muuguzi wa zamu, nimeshika fomu ya ridhaa mkono mmoja na pedi ya wino mkono wa pili, na sikujua nimpelekee nani.

Siku hizi ninakaa katika kamati ya maadili ya utafiti hapa Nairobi, na wauguzi, maafisa wa kliniki na wanafunzi wa falsafa huniuliza swali lile lile mwaka nenda mwaka rudi: mtu akitaka kuisoma fani hii kwa dhati, aanze na nadharia kubwa za maadili, aanze na zile kanuni nne zinazotajwa katika kila semina, au aanze na visa vya wagonjwa wenyewe? Jibu hutegemea anayeuliza, lakini si sana kama watu wanavyodhani, kwa sababu ipo njia ninayoiona kuwa bora kwa wengi wetu tunaofanya kazi wodini. Ili kuzilinganisha njia hizi kwa haki, nitaipitisha kauli ya yule mzee katika kila moja na kuangalia inamsaidia nini mtu aliyesimama pale na fomu mkononi.

Kuanza na nadharia

Anayeanza na nadharia hukutana kwanza na kambi mbili. Kambi ya manufaa, ambayo Jeremy Bentham aliiwekea msingi mwaka 1789 na John Stuart Mill akaitetea upya mwaka 1861, husema kwamba tendo lolote lipimwe kwa matokeo yake kwa wote wanaoguswa nalo, na maslahi ya kila mmoja yahesabiwe sawa na ya mwenzake. Kambi ya wajibu, ambayo mwalimu wake mkuu ni Immanuel Kant katika andiko lake la mwaka 1785, husema kwamba kuna mambo ambayo hayafanywi hata yakiwa na faida kubwa, na kwamba mwanadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine.

Nguvu ya nadharia ya manufaa huonekana pale ambapo mashine ni chache na wagonjwa ni wengi. Hakuna mtu anayeweza kufanya kazi katika hospitali ya umma ya jiji hili akaikwepa hesabu hiyo, na ni heri aifanye waziwazi kuliko kuifanya kimoyomoyo. Lakini historia ya mashine zenyewe za kusafisha damu inaonyesha hesabu hiyo inavyoweza kupotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kituo cha Seattle nchini Marekani kilikuwa na nafasi chache mno, kwa hiyo iliundwa kamati ya watu saba kuchagua nani apate matibabu hayo na nani aachwe. Baada ya madaktari kuchuja wagonjwa kwa vigezo vya kitabibu, kamati ilitazama mambo kama ndoa, idadi ya wategemezi, kipato, elimu na hata ushiriki kanisani. Wajumbe hawakuwa watu wabaya. Walijitahidi kukadiria nani angeifaa jamii zaidi akiishi. Ila thamani ya mtu kwa jamii, ikipimwa na watu wanaofanana wao kwa wao, hugeuka kuwa kipimo cha nani anafanana nao. Suala hilo lilipunguzwa makali mwaka 1972, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kugharamia matibabu ya figo kwa karibu kila aliyeyahitaji. Lilitulizwa na fedha, wala si na nadharia yoyote.

Nadharia ya wajibu huingia hapo kama mlango wa chuma. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, wanaume Weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa pamoja na wengine 201 wasiokuwa nayo ili ugonjwa ujulikane mwendo wake, na wagonjwa hao waliachwa bila tiba hata penisilini ilipokuwa tayari inapatikana. Mfuasi wa manufaa anaweza kulilaani jambo hilo, lakini lazima kwanza apige hesabu, na hesabu hubadilika. Msomaji wa Kant hahitaji hesabu: watu walidanganywa, wakageuzwa vyombo, basi.

Hata hivyo, kwa yule mzee wetu, Kant si mwepesi kama anavyofundishwa. Wengi hudhani kwamba uhuru wa mtu kujiamulia, kwa maana ya Kant, ni kila mtu kupata anachokitaka. Sivyo. Kwake yeye ni uwezo wa kujiwekea sheria kwa akili, sheria ambayo mtu angekubali iwe ya wote. Ukiisoma kauli ya "muulizeni huyo" kwa jicho hilo, hupati jibu la haraka. Unabaki kujiuliza kama mzee ameitupa akili yake au ameitumia.

Ndiyo sababu simshauri mtu wa wodini aanzie hapa. Nadharia hubishana juu ya msingi, na mwanafunzi anaweza kumaliza muhula mzima akiamua nani mshindi, kisha akarudi kazini bila hatua hata moja ya kuanzia. Anayesomea falsafa kama taaluma, kwa upande wake, hana njia nyingine, na asitafute ya mkato.

Kuanza na kanuni nne

Mwaka 1979, Tom Beauchamp na James Childress walitoa kitabu kilichojenga maadili ya tiba juu ya kanuni nne: kuheshimu uhuru wa mtu kujiamulia, kutodhuru, kutenda mema, na haki. Jambo ninalolipenda katika historia ya kazi hiyo ni kwamba Beauchamp aliegemea upande wa manufaa na Childress upande wa wajibu, lakini waligundua kwamba wanaweza kukubaliana katikati hata kama misingi yao haikutani. Hawakudai kwamba kanuni hizo ni amri zisizovunjika. Walifuata fikra ya mwanafalsafa W. D. Ross, aliyeeleza mwaka 1930 kwamba wajibu mwingi hutufunga mpaka pale unapozidiwa uzito na wajibu mwingine katika hali fulani.

Mwaka huo huo wa 1979 ilitoka Ripoti ya Belmont, iliyoandaliwa na tume ya Marekani iliyoundwa 1974 baada ya kashfa ya Tuskegee kufichuka. Yenyewe ina kanuni tatu: kuheshimu watu, kutenda mema, na haki. Beauchamp alishiriki kuiandika, kwa hiyo si ajabu kwamba maandiko hayo mawili yanafanana kama ndugu. Mgeni huyachanganya mara nyingi, na ni vyema akumbuke tofauti: Belmont ilitungwa kwa ajili ya utafiti unaohusisha watu, ilhali kanuni nne zilikusudiwa tiba na utafiti kwa pamoja.

Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kuandika pendekezo la utafiti au kukaa katika kamati, hii ndiyo lugha ya lazima. Mtafiti hapa hupitisha kazi yake kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na huomba kibali cha NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na maswali atakayoulizwa yamepangwa kwa kufuata kanuni hizi: mshiriki ameelezwa nini, atadhurika vipi, atanufaika nani, na kwa nini amechaguliwa yeye na si mwingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo imeweka wazi kwamba mgonjwa haguswi bila ridhaa inayotokana na maelezo, isipokuwa katika hali zilizotajwa.

Lakini kanuni ikiachwa jinsi ilivyo haifanyi kazi, na hapa ndipo semina nyingi fupi huwapotosha watu. Kazi halisi ya njia hii ina sehemu mbili: kuibainisha kanuni mpaka iguse hali iliyo mbele yako, na kupima kanuni zinapogongana. Nitatoa mfano wa kubainisha. Siku moja kamati yetu ilikuwa na karatasi ya maelezo kwa washiriki iliyoandikwa kwa Kiswahili, na ndani yake kulikuwa na sentensi kwamba washiriki "watagawanywa bila mpangilio" katika makundi mawili. Kila mtu mezani aliyesoma takwimu aliielewa na kuipita. Mjumbe wetu anayewakilisha jamii, mama anayeuza mboga na ambaye huzisoma karatasi hizi kwa kidole, neno kwa neno, alisimamisha kidole chake pale akauliza, "Daktari, mbona mnatuambia utafiti wenu hauna mpangilio? Mtu mwenye akili ataingiaje kwenye kitu kisicho na mpangilio?" Chumba kilinyamaza. Tuliiondoa sentensi ile, tukaandika kwamba kila mshiriki atapangiwa kundi kwa njia ya kura, na kwamba si daktari wala mshiriki atakayechagua. Kabla ya swali la yule mama, kanuni ya kuheshimu uhuru wa mtu ilikuwa imetiwa alama ya tiki kwenye fomu yetu ya ukaguzi. Baada ya swali lake, ndipo tulipoanza kuiheshimu.

Kwa mzee wetu kanuni nne zinasema jambo la maana zaidi kuliko wakosoaji wake wanavyokubali. Wanaodai kwamba kanuni ya uhuru ni ya Kizungu na haituhusu husahau kwamba mtu mwenye akili timamu akiamua kwa hiari kumwachia mwanawe uamuzi, uamuzi huo wa kuachia ni wake. Kanuni haimlazimishi kuamua peke yake. Upungufu uko kwingine: kanuni inakuambia kwamba anaweza kumwachia mwanawe, lakini haikusukumi kuuliza amefanya hivyo kwa nini. Wanafalsafa K. Danner Clouser na Bernard Gert waliandika mwaka 1990 kwamba kanuni hizi ni kama vichwa vya habari vilivyopangwa pamoja bila nadharia inayoviunganisha, na kwamba zinapogongana hazitoi mwongozo. Nadhani walikaza kamba kupita kiasi, ila nimeona vikao ambamo walikuwa na haki kabisa: mjumbe anataja kanuni ya kwanza, mwenzake anataja ya tatu, na hakuna anayesogea.

Kuanza na visa

Njia ya visa ilifufuliwa mwaka 1988 na Albert Jonsen na Stephen Toulmin, na kufufuliwa kwake kunatokana na jambo waliloliona kwa macho. Jonsen alikuwa mmoja wa wajumbe 11 wa tume ile iliyotoa Ripoti ya Belmont, na Toulmin alikuwa mmoja wa wataalamu walioisaidia. Waliona kwamba wajumbe wenye dini, taaluma na falsafa tofauti walikubaliana mara nyingi juu ya nini kifanyike katika kisa mahususi, lakini walipotakiwa kueleza sababu zao za msingi ndipo walipotengana. Toulmin alihitimisha kwamba uhakika wetu haushuki kutoka kwenye kanuni. Unaanzia kwenye kisa chenyewe.

Mtu aliyewahi kukaa barazani na wazee hatahitaji kuelezwa sana njia hii. Unaanza na kisa ambacho hakuna anayekibishia, kwa mfano mgonjwa mzima wa akili anayekataa upasuaji baada ya kuelezwa vyema. Kisha unakiweka kando yake kile kilicho mbele yako na kuuliza kinafanana nacho wapi na kinaachana nacho wapi, na kama tofauti hiyo ina uzito wa kubadilisha hukumu. Kwa wodini, chombo kinachofaa zaidi ni maswali manne yaliyopangwa na Jonsen pamoja na Mark Siegler na William Winslade mwaka 1982: hali ya kitabibu ikoje, mgonjwa anataka nini, maisha yake yatakuwaje baada ya tiba au bila tiba, na mazingira yanayomzunguka yakoje, zikiwemo familia, fedha, dini na sheria.

Swali hilo la nne ndilo lililomfungua mzee. Daktari wetu, ambaye nadhani hakuwahi kusoma kitabu chochote cha maadili lakini alikuwa na hekima ya kazi, alirudi jioni wageni walipokwisha kuondoka, akavuta kiti.

"Mzee, asubuhi ulisema tumuulize kijana. Kwa nini yeye?"

"Yeye ndiye atakayelipa."

"Na kama malipo yasingekuwa shida?"

Mzee alitazama mikono yake kwa muda. "Ningekubali. Lakini shamba lisiuzwe. Akianza kulipa hii, atauza shamba, na ana watoto watatu."

Asubuhi ile mimi nilikuwa nimeandika kwenye faili kwamba mgonjwa anamwachia mwanawe uamuzi kwa sababu ya mila. Nililifuta. Hapakuwa na mila pale. Palikuwa na baba aliyekwisha kupiga hesabu na hakutaka mwanawe asikie matokeo yake. Mazungumzo yaliyofuata hayakuwa tena juu ya nani atie dole gumba kwenye fomu. Yalikuwa juu ya bima inalipa safari ngapi, mchango wa ukoo unaweza kubeba nini, na mambo gani baba na mwana walipaswa kuambiana wao wenyewe.

Pamoja na sifa hizo, njia ya visa ina udhaifu ambao anayeipenda lazima aujue mapema: hukumu zinazotumika kama mizani zinaweza kuwa mazoea mabaya tu yaliyozoeleka sana. Kwa miaka mingi nchini, kumzuilia mama hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu hajalipa lilionekana kuwa jambo la kawaida, na muuguzi aliyekilinganisha kisa cha leo na cha jana asingeona kasoro, maana jana ilikuwa vile vile. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa hivyo walivunjiwa haki zao. Kilichoyavunja mazoea hayo ni haki zilizoandikwa katika Katiba ya 2010, yaani kitu kinachofanana na kanuni zaidi kuliko kisa. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu asome visa peke yake.

Hulka, utunzaji na utu

Nadharia ya hulka njema, iliyotoka kwa Aristotle, na maadili ya utunzaji yaliyochipuka baada ya kazi ya Carol Gilligan ya mwaka 1982, nitazipitia kwa haraka, si kwa kuzidharau bali kwa sababu hazigombei nafasi ile ile. Hazikuambii uchague nini. Zinakuambia uwe mtu wa namna gani unapochagua. Daktari aliyevuta kiti jioni ile alikuwa ushahidi wao. Muuguzi anayehisi kwamba kanuni nne zimemwacha nje, kwa kuwa zinazungumza na mwamuzi wala si na anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku kucha, atajiona mwenyewe katika maandiko ya utunzaji.

Kuhusu utu ninakaa zaidi, kwa sababu hapa Nairobi hutajwa sana na kusomwa kidogo. John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia, mwana wa Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba mtu wa Kiafrika husema, "Mimi nipo kwa sababu sisi tupo." Mwaka 2007 Thaddeus Metz, mwanafalsafa anayefanya kazi Afrika Kusini, alijaribu kuigeuza fikra ya namna hiyo kuwa nadharia kamili ya maadili inayoweza kusimama kando ya Kant na Mill: tendo ni jema kadiri linavyojenga upatano wa watu na kupunguza mfarakano. Huo ni mpango wa kusomwa kwa makini na kubishaniwa. Kinachonisikitisha ni utu unaobandikwa mwishoni mwa mhadhara kama pambo, au unaotumiwa kumnyamazisha mgonjwa kwa kisingizio kwamba sisi Waafrika huamua pamoja. Nilikaribia kumfanyia hivyo yule mzee, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Dawa yake tunayo nyumbani. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitumia miaka mingi kuwahoji wazee wenye hekima, akatenganisha wale wanaozikariri mila za watu wao na wale wanaozikagua mila hizo kwa akili zao wenyewe. Mwaka 1987, mahakama za Nairobi zilipokuwa zikiamua nani ana haki ya kumzika wakili S. M. Otieno, kama ni mjane wake au ni ukoo wake, Oruka alikuwa mmoja wa walioitwa kutoa ushahidi. Ukoo ulishinda. Yeyote anayetaka kufundisha utu katika maadili ya tiba anafaa aanze na kesi hiyo, kwa sababu inamlazimisha kuuliza lile "sisi" la Mbiti ni nani hasa, na nani hulisemea. Njia ya Oruka, yaani kwenda kwa mzee mwenyewe, kumuuliza, kisha kumuuliza tena kwa nini, inakaribiana na njia ya visa kuliko watu wanavyotambua.

Uchague vipi

Ukiwa mtafiti mwenye pendekezo la kuwasilisha mwezi ujao, anza na Ripoti ya Belmont, ambayo ni fupi na husomeka kwa siku moja, kisha uingie katika kanuni nne ukizingatia hasa namna ya kuzibainisha. Nadharia zitakungoja. Ukiwa mwanafunzi wa falsafa, fanya kinyume: soma Kant na Mill wenyewe wala si mihtasari yao, kisha uende ukakae wodini wiki mbili kama utaruhusiwa, maana bila hivyo utadhani kwamba mgonjwa ni mfano.

Kwa muuguzi, afisa wa kliniki, daktari kijana na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ambao ndio wengi, ushauri wangu ni visa kwanza, na kanuni nne pembeni kama mizani ya kukagua mazoea. Chukua yale maswali manne, uyaandike kwenye daftari dogo, na kwa miezi mitatu ukijaze kisa kimoja kila wiki kutoka kazini kwako, bila jina la mgonjwa wala jambo lolote la kumtambulisha. Mwezi wa nne, rudia visa hivyo ukivipitisha katika kanuni nne, na utaona ni vipi vilikuwa vimesimama juu ya mazoea tu. Baada ya hapo chagua nadharia moja, si tatu, na uchague ile inayokukera zaidi. Mimi nilichagua ya manufaa baada ya kusoma habari za Seattle, na nilipoimaliza nilikuwa bado siikubali, lakini sikuweza tena kusaini orodha ya wanaosubiri mashine bila kuuliza imepangwa kwa kigezo gani.